Nilikata vyuma vya saa ya mzamiaji wa jeshi, na mdogo wangu alikuwa anazama naye

Wakubwa zangu humu shikamooni, wadogo zangu mambo zenu.

Mimi ni msomaji wa kimya. Nachungulia nyuzi za watu, nacheka, naondoka. Leo naandika mwenyewe, na sitaongeza chumvi, maana mambo yenyewe yananiaibisha vya kutosha bila chumvi.

Wiki iliyopita kuna mkuu alileta uzi wa saa za wazamiaji wa majeshi na ile mikanda yao ya nailoni. Akauliza kwa nini mkanda wa saa uwe mrefu hivyo, na kwa nini vile vyuma vya kupitishia mkanda havitoki. Watu wakamjibu kwa utani. Mimi niliweka simu chini nikakaa, mpaka mke wangu akaniuliza kama kuna msiba.

Jibu la lile swali ninalo. Ngoja niwape, lakini itabidi mnivumilie, ni refu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi saa pale Kyela mjini. Kibanda cha mbao, meza yenye kioo, juu ya meza redio, nje benchi la wateja.

Biashara ndiyo zimefunguliwa, na saa zilikuwa zinaingia kama utitiri. Za plastiki, za kubonyeza, zinazoimba, zenye kalkuleta. Wenzetu walikuwa wanavuka mto Songwe kwenda kwa ndugu zao Karonga, ng'ambo ya mpaka, wanarudi na mifuko ya saa na mikanda. Kila aliyeuza mpunga alitaka saa mkononi, na saa zenyewe zilikuwa hazimalizi msimu. Kwa hiyo nilikuwa na kazi, na kazi ikanivimbisha kichwa.

Mnielewe kitu kimoja kuhusu mafundi wa wakati ule. Hatukusoma popote. Mimi nilijifunza kwa mjomba wangu, kwa kuangalia mikono yake, na sheria yake ya kwanza ilikuwa mteja asikuone unashangaa. Fundi akishangaa, mteja anabeba saa yake anakwenda kwa jirani. Kwa hiyo ukiletewa kitu hujawahi kukiona maishani, unakigeuza mara mbili, unatikisa kichwa taratibu, unasema, "Hii ndogo."

Nimesema "hii ndogo" mara nyingi kuliko nilivyosema jina langu.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja tuliyemwita Sajini. Mtu wa Mwaya, alikuwa mzamiaji wa jeshi huko pwani, akastaafu, akarudi nyumbani kwenye mpunga na kakao yake. Mpole, kifua kipana, maneno machache.

Haikupita muda akaja mfanyabiashara wa samaki wa mapambo. Ni wale wadogo wa rangi rangi wanaokaa kwenye miamba ya ziwa letu. Anawachukua hai, wanasafirishwa Ulaya kukaa kwenye vioo vya watu. Watu kwetu walicheka sana, samaki asiyeliwa! Lakini jamaa alikuwa analipa, na alihitaji watu wa kuzama na mitungi ya hewa. Sajini akawa mkuu wa wazamiaji, akaruhusiwa kuchukua vijana wa kuwafundisha.

Mdogo wangu Lusekelo alikuwa ameoa, mkewe mjamzito, kazi hana. Mimi ndiye niliyepanda baiskeli hadi Mwaya kumbembeleza Sajini amchukue.

Mama yetu hakutaka kabisa. Kwake ziwa ni la kuoga pembeni na kuchota maji, basi. Nikamwambia Sajini hajawahi kupoteza mtu. Akakubali shingo upande, akaniambia neno moja tu: "Likitokea lolote, nitakuuliza wewe, simuulizi Sajini."

Hilo lishikeni.

Alhamisi moja, masika yameanza, Sajini akaja kibandani. Tukasalimiana kwa kwetu, ugonile, ugonile, akavua saa akaiweka juu ya kioo.

Wakuu, ilikuwa saa. Nzito, chuma kitupu, uso mweusi, namba zinazowaka gizani, na juu duara lenye dakika ambalo unalizungusha kuhesabu muda. Alipewa zawadi na mkufunzi wake siku wanaagana. Alisema imezama naye miaka yote jeshini na haijawahi kuingia hata unyevu.

Tatizo lake, ilikuwa imeanza kuchelewa. Dakika tatu nne kwa siku.

Nikamwambia dakika tatu kwa siku si kitu. Akatabasamu, akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Jumamosi wanakwenda kwenye mwamba wa mbali, kupita Lyulilo, pale mlima unaposhuka moja kwa moja mpaka ndani ya ziwa. Kina kirefu. Kule chini huwezi kujua muda kwa kuhisi. Ukikaa kupita kiasi, au ukipanda haraka, hewa uliyovuta inatoka kwenye damu kwa mapovu, kama soda ukiifungua. Mapovu yakikaa kwenye uti wa mgongo unaweza usitembee tena. Yakikaa kwingine unakufa. Kwa hiyo unashuka kwa saa, unapanda kwa saa, na njiani unasimama ukishika kamba, kwa saa.

Nikauliza kama Lusekelo naye ana saa. Akasema hapana, saa ni hiyo moja, Lusekelo anamfuata yeye.

Nikasema, "Hii ndogo, Afande."

Akaenda kukaa benchini na chai yake. Nikafungua, na kweli mashine ilikuwa ndogo. Ilitaka kusafishwa na mafuta kidogo. Nikairekebisha, nikafunga mfuniko vizuri. Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa naandika.

Tatizo likawa mkanda.

Ulikuwa wa nailoni, kijivu, umepauka, kingo zina nyuzi, unanuka samaki. Kipande kimoja kirefu ambacho kinaweza kuzunguka mkono karibu mara mbili. Kinapita chini ya chuma cha upande mmoja, kinapita nyuma ya saa, kinatokea chini ya chuma cha upande wa pili. Niliudharau. Niliona mtu mzima, mwanajeshi, amefunga saa ya maana kwa kamba ya kufungia mzigo.

Na nilikuwa na mkanda mpya wa Karonga, mpira mweusi mnene, vipande viwili, una matundu na mistari, unapendeza. Nikasema nimfanyie sapraizi. Mtu huyu ameshika roho ya mdogo wangu, acha nimpe kitu kizuri.

Nikajaribu kutoa pini. Saa za kawaida zina pini zenye springi, unaibonyeza inatoka. Hii nikabonyeza, wapi. Upande wa pili, wapi. Nikaweka mafuta, nikasubiri, nikabonyeza tena mpaka bisibisi ikateleza ikanichoma kidole. Nikaamua zimeshikwa na kutu.

Sajini alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Namwona kisogo. Ningesema tu, "Afande, hivi vyuma vinatokaje?" Maneno manne.

Wakuu, niliongeza sauti ya redio.

Niliongeza sauti ya redio ili asisikie msumeno. Nikakata vile vyuma viwili, nikapiga tupa, nikaanza kutoboa vishimo vya kushika pini za springi. Chuma kile kilikuwa kigumu ajabu. Vishimo vitatu vilikubali. Cha nne, ncha ya kutobolea ikavunjikia humo humo, sina nyingine. Kishimo kikabaki kifupi, pini imeshika kwa ncha tu.

Sajini akauliza bila kugeuka, vipi fundi, inaenda? Nikamjibu shwari.

Nikavuta mkanda kidogo, ukashika. Nikavuta kidogo, msisitizo hapo. Sikutaka kuvuta sana.

Mpira ule ulikuwa mnene, ukafunika pini zote. Alipoichukua akaiangalia dakika, akafurahi. Halafu akauliza mkanda wake uko wapi. Nikamwambia umeoza, ungemwangusha. Akakunja uso kidogo, akawa anataka kuigeuza saa aangalie nyuma, na hapo hapo pikapu ya kazini kwao ikapiga honi barabarani. Akaivaa.

"Unashika huu?" akaniuliza.

"Unashika, Afande. Garantii."

"Ndaga fijo, fundi," akanishukuru kwa kwetu, akaenda.

Ijumaa jioni, wateja wamepungua, nikauona ule mkanda wa nailoni sakafuni. Nikauokota nione kama unafaa kwa kitu. Nikaupitisha kwenye saa mbovu iliyokuwa mezani, kama ulivyokuwa umepita kwenye ile ya Sajini. Saa hiyo mbovu ilikuwa na pini moja dhaifu, na nilipovuta, pini ikaruka.

Saa haikuanguka.

Ilibaki inaning'inia kwenye mkanda, imeshikwa na pini ya upande wa pili. Nikaitikisa. Ipo. Nikaitikisa kwa nguvu. Ipo.

Nikachukua mkanda wa mpira wa vipande viwili, nikaufunga kwenye saa nyingine, nikaondoa pini moja. Saa, mkanda, vyote chini kwa mpigo.

Nilikaa pale nimeshika ule mkanda. Nikapekua meza nikatafuta vile vipande nilivyokata. Nikaweka lenzi jichoni. Vilikuwa vyeupe, vinang'aa. Hakuna kutu. Hakuna springi ndani. Vilikuwa chuma kimoja na kava tangu kiwandani. Vilitengenezwa visitoke, na mkanda ulitengenezwa upite chini ya vyote viwili, na urefu wake ni wa kufunga juu ya mkono wa suti ya mpira ya kuzamia. Kila nilichokiona ni ushamba kilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa mtu asife.

Naona mdau mmoja keshauliza hapo chini kwa nini sikupiga simu. Mkuu, simu gani? Miaka hiyo? Kwa nani, kwa samaki?

Sikuweza kula. Mama aliona. Alikuja kunywa chai kwetu, akaniuliza habari za Lusekelo, nikamwambia mzima. Nikaingia chumbani nikavaa viatu, nikavivua tena, maana gari la Ipinda, njia ya kwenda ziwani, halipo mpaka asubuhi.

Asubuhi ya Jumamosi nikapata pikapu ya kwanza. Mkanda wa nailoni mfukoni. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nifike kabla hawajazama, nimwambie Sajini avue saa. Aniite mjinga mbele ya watu, sawa.

Pikapu ikatufikisha Ipinda vizuri. Kutoka Ipinda barabara ilikuwa tope jekundu. Kabla ya daraja la mto Lufilyo kulikuwa na lori la mpunga limelala ubavu, limeziba njia, na madereva wanabishana wavutane vipi. Wenzangu wakashuka wakakaa kula ndizi. Mimi nikatembea. Halafu nikakimbia. Halafu nikapata mtu wa baiskeli akanibeba, kila baada ya muda tunashuka kuisukuma kwenye tope. Namwambia kazana nkamu, ndugu yangu, ananijibu akazane vipi, ni mguu au ni injini?

Kichwani nilikuwa nahesabu. Wanatoka saa tatu. Boti inachukua nusu saa. Wanajiandaa. Kisha nahesabu upya, napata jibu lingine. Fundi saa mzima, mkononi sina saa. Nilikuwa nimeiacha mezani.

Lyulilo ilikuwa siku ya mnada. Vyungu vimepangwa ufukweni mpaka huwezi kupita, akina mama wa Kikisi wanashusha vingine kutoka mitumbwini. Nikaruka vyungu, nikapiga kimoja teke kikapasuka, mwenyewe akanishika shati. Nikamweleza kwa pumzi zilizobaki kwamba mdogo wangu yuko chini ya maji na saa mbovu. Sidhani alielewa habari ya saa. Alielewa mdogo wangu. Akamwita mumewe, akamwambia kwa Kikisi maneno ambayo sikuyajua, na yule bwana akasukuma mtumbwi majini.

Tulipoifikia boti, msimamizi wa boti alikuwa peke yake. Kijana mmoja wa mjini, amefungua mwavuli.

Nikamuuliza wako wapi. Akaonyesha maji. Pembeni ya kamba ya nanga mapovu yalikuwa yanapanda, mafungu mawili.

"Waite," nikamwambia.

"Nini kimetokea?"

"Saa itaanguka. Waite."

Akaniangalia kama mlevi. Akasema njia ya kuwaita ni kugonga mtungi kwa spana. "Lakini wakisikia wanajua ni hatari, watapanda mbio. Unataka wapande mbio?"

Nilikuwa nimeshaishika spana. Nikairudisha chini. Sikumbuki kama nimewahi kuweka kitu chini kwa taabu vile.

Kwa hiyo nikakaa kwenye boti. Nilikuwa nimefika, na hakuna nilichoweza kufanya. Maji ya pale ni maangavu, unaona kamba inashuka, inashuka, halafu rangi ya buluu inaimeza. Msimamizi alikuwa na saa ya plastiki. Niliitambua, mimi ndiye niliyeibadilishia betri. Nikaanza kuitilia shaka nayo.

Nikamuuliza muda. Dakika kumi na moja tangu wazame. Nikamuuliza tena. Kumi na mbili.

Kwenye dakika kumi na tano hivi, mapovu ya fungu moja yakaanza kusogea kutoka kwenye kamba. Yakaenda upande wa kina. Yakawa madogo madogo, yametawanyika, mpaka nikashindwa kuyaona.

Fungu moja likabaki kwenye kamba.

Nikawa namuuliza msimamizi, huyu ni nani, na yule ni nani. Atajuaje? Nikaomba. Nilimwomba Mungu aliyebaki kwenye kamba awe Lusekelo. Nikijua maana yake ni kwamba aliyekwenda ni Sajini, niliomba hivyo hivyo. Nasema ukweli kwa sababu niliahidi ukweli.

Muda wao ulipita. Msimamizi naye akaacha kukaa, akasimama. Yale mapovu yaliyopotea yakarudi, makubwa sasa, yanapanda kwa fujo, yakajiunga na mengine karibu na juu. Hapo tukaona vivuli viwili vimeshika kamba, labda urefu wa nyumba chini yetu. Vimetulia. Nikalia.

Wakakaa pale. Halafu kivuli kimoja kikaachia kamba kikapanda.

Alikuwa Sajini. Akatema mpira wa hewa, midomo ya kijivu. Hewa yake ilikuwa imekwisha. Nikamshika mkono nikamuuliza, "Lusekelo je?" Hakuweza kusema. Akaonyesha chini, akaninyooshea vidole vitano, maana yake dakika tano bado, mwache.

Zilikuwa ndefu zile dakika tano. Lakini zilipokwisha, Lusekelo akatoka kichwa, mzima, anatabasamu, anatuonyesha wavu wa samaki wa bluu. Akashangaa kuniona. "Bro, umefuata nini huku?"

Yeye alichojua ni hiki. Wako chini, akaona Sajini anajishika kifundo cha mkono ghafla. Akamwashiria arudi kwenye kamba, apande mpaka kwenye fundo walilofunga, asimame, asiondoke mpaka aambiwe. Kisha Sajini akageuka akazama kuelekea gizani. Lusekelo akatii. Sajini alimfundisha kutii kwanza, maswali baadaye, na ndiyo sababu mdogo wangu leo ana wajukuu.

Sajini alikuwa ameifuata saa. Miaka yote ile, mkono ukamtuma kabla ya akili. Alishuka kupita kina walichopanga, hakuipata, na akarudi akiwa hana saa ya kumwambia amekaa muda gani. Hewa aliyoitumia kule ndiyo hewa aliyotakiwa kuitumia kusimama kwenye kamba. Ilimwishia mapema.

Kwenye boti alikaa mbele yangu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefumba ngumi. Akaufumbua kwenye paja lake ili mimi tu nione. Ulikuwa mkanda wangu wa mpira, umeachana na saa, na kwenye ncha yake bado imekaa pini ya springi.

Pini moja iliruka, akaudaka mkanda, na kwa kuvuta pini ya pili nayo ikaruka. Saa ikabaki peke yake ikaenda.

Akaniangalia usoni. Akaufumba tena.

Maumivu yalimwanzia begani kabla hatujafika Lyulilo. Tuliposhuka akasema anapumzika kidogo, akakaa kati ya vyungu. Alipotaka kusimama miguu ikakataa. Alijua ni nini. Alisema kwa utulivu kabisa apelekwe hospitali ya misheni, apewe hewa ya oksijeni, abebwe akiwa amelala. Wauza vyungu na wavuvi wakambeba kwenye turubai, kila mtu ameshika kona.

Wauguzi walifanya kila walichoweza. Mashine ya kutibu ugonjwa ule haikuwepo upande wetu wote wa nchi. Siku ya tatu mguu wa kulia ukaanza kurudi. Wa kushoto ulirudi nusu.

Wakati Lusekelo na msimamizi wanamuuliza imekuwaje, aliwajibu kwamba mkanda umekatika, saa yenyewe ya zamani. Basi. Hakunitaja.

Siku ile ya tatu nikaingia peke yangu. Nikamwambia yote. Kutu, msumeno, kishimo kifupi, redio. Nikatoa mkanda wa nailoni mfukoni nikauweka juu ya blanketi. Akaushika, akawa anaupitisha vidoleni polepole.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Ningeyapokea kwa furaha.

Akasema, "Nilikuwa nimekaa pale benchini."

"Ndiyo, Afande."

"Nimekaa muda mrefu tu. Sikuwa na kazi nyingine." Akaukunja mkanda kiganjani. "Ungeniuliza."

Akageukia ukutani, nami nikatoka.

Hakuzama tena. Alirudi Mwaya na fimbo, mguu wa kushoto unaburuta, na shamba akawa analima kwa kuajiri watu. Nilikwenda kumlimia misimu kadhaa, mimi na Lusekelo, na Lusekelo nilimwambia kisa chote huko huko shambani. Hakuongea nami mpaka mavuno. Alikuwa na haki. Mama naye aliniuliza, kama alivyoahidi. Hayo ya mama niacheni nayo.

Mwaka uliofuata, kiangazi, namwona Sajini anakuja kibandani taratibu na fimbo yake. Ameshika saa ya plastiki ya sokoni, ya bei chee. Na ule mkanda wa nailoni. Anataka niufunge kwenye ile saa.

Nikamkaribisha benchini, nikampangusia vumbi.

Hakukaa benchini.

Alizunguka meza, akaingia ndani, akavuta kindoo nilichokuwa nawekea vyuma vibovu, akakigeuza, akakaa pembeni yangu, goti kwa goti. Akaniambia, "Endelea." Akaangalia mikono yangu mwanzo mpaka mwisho, wakati nikitoboa vishimo vya pini, nikipitisha mkanda, nikivuta. Na nilivuta sana.

Aliivaa akasema ndaga, akaenda.

Tangu siku ile, kila alipokuja alikuja ndani, mpaka Mungu alipomchukua. Hakuwahi kuninunia wala kunisema kwa mtu. Ila benchini hakukaa tena.

Wiki hiyo hiyo nililiingiza benchi ndani. Mpaka leo, sasa natengeneza na simu, mteja wangu anakaa pembeni yangu anaona mikono. Na nikiletewa kitu sikijui nasema sikijui, hiki kinafunguliwaje? Wengine hubeba vitu vyao wakaenda kwa jirani. Waende salama. Redio sina.

Funzo langu ni hilo, sina la kuwapambia.

Mkuu uliyeuliza habari za vile vyuma, jibu lako ni kwamba havitoki kwa makusudi, na mkanda ni mrefu kwa makusudi. Ukiwa nayo usimpe fundi yeyote aiboreshe. Hata mimi.

Mafundi mliomo humu, wa magari, wa umeme, cherehani, hata madaktari, nawauliza kwa upole: ni lini mara ya mwisho uliongeza sauti ya redio? Semeni hapo chini. Nitasoma zote, na safari hii nitajibu.